Nywele za Joanita

Jua lilikuwa linateremkia upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, wakati Jovita alipomkalisha binti yake Kabibi juu ya ndoo iliyopinduliwa akaanza kumwosha miguu.

Alimwosha polepole, kama mtu anayemwandaa mtoto kwa komunyo ya kwanza. Akapitisha kidole katikati ya vidole. Akasugua visigino kwa jiwe. Vumbi la Rumonge limechanganyika na mafuta ya mawese, haliondoki kwa kumwagiwa maji tu, na soksi zilizokuwa zinangoja juu ya kamba zilikuwa nyeupe.

"Mama, fanya mbio," Kabibi alisema. "Madamu Elda akifunga mulango, hafungui tena."

"Tulia. Muguu muchafu hauchezi baleti."

Kabibi akacheka. Alikuwa na miaka minane, kichwa kimenyolewa kama vichwa vya wasichana wote wa shule, kinang'aa kama kokwa la mchikichi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda kwenye dansi, na tangu asubuhi furaha ilikuwa imemnyima njaa.

Jovita naye hakuwa amekula. Yake haikuwa furaha.

Dansi hiyo ililetwa Rumonge na Elda, Mkongomani wa Uvira aliyekimbia vita pamoja na ndugu zake. Utotoni alifundishwa baleti na sista mmoja mzee, na alipopata kazi ya ualimu hapa mjini, akaomba ukumbi wa parokia kila Jumamosi jioni. Hakuwa na vioo wala sakafu ya mbao. Alifunga mwanzi mrefu juu ya viti viwili, akawapanga wasichana wakiushika, akawafundisha kukunja magoti, kunyanyua visigino, kusimama juu ya vidole kama korongo majini. Mwanzoni watu walikuja kuchungulia ili wacheke. Baadaye walichungulia tu, kimya.

Na katika wasichana wale wa kwanza, hakuna aliyesimama kama Joanita.

Joanita alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Jovita. Mtoto mwembamba, shingo ndefu, mwenye kutembea kama anayeogopa kuiumiza ardhi. Kitu alichokitamani kuliko viatu, kuliko hata sketi nyeupe ya wavu, kilikuwa nywele. Elda alizikusanya zake nyuma ya kichwa akazifunga kifundo kimoja cha duara, akakibana kwa pini mpaka usione unywele hata mmoja uliotoroka. Joanita alikuwa akirudi nyumbani, anasimama mbele ya kipande cha kioo, anapapasa upara wake wa shule.

"Mama, nikimaliza masomo nitaziacha ziote. Utanifunga kama Madamu?"

"Nitakufunga mpaka useme basi."

"Sitasema basi."

Jumamosi moja, kabla ya Pasaka ya mwaka jana, dansi ilipokwisha, Joanita alitoka kwa mlango wa nyuma kwenda kunawa miguu ziwani. Siku hizi ziwa liko karibu. Limepanda, limekula nyumba za chini, limekula njia ya wavuvi, limefika karibu na ukuta wa ukumbi. Watu walipomfuata walikuta viatu vyake vya dansi peke yake, vimewekwa sambamba juu ya jiwe, vikavu. Wakapiga mbizi. Wakakokota nyavu. Wakangoja siku zile ambazo ziwa huwarudisha watu wake.

Ziwa halikumrudisha. Lilitoa samaki.

Lameki, baba wa watoto hao, alikuwa mvuvi ambaye bahati ilimpita mlangoni bila kubisha hodi. Lakini mwezi ule ule mtumbwi wake ulianza kurudi umelemewa, ndagala na mikeke mpaka ukingoni. Akanunua mashine ya mtumbwi. Akanunua mtumbwi wa pili. Sokoni, pale Jovita alipouzia mawese, maneno yakaanza kupita chini chini. Ziwa halitoi bure. Wanawake walinyamaza alipokaribia. Mwisho alimwuliza mumewe ana kwa ana, naye Lameki akaapa kwa msalaba, akalia mpaka sauti ikakauka. Tangu siku hiyo hakuweza tena kumtazama mkewe machoni. Akahamia Kabonga, kule karibu na mpaka wa Tanzania, akawa anavua huko.

Alirudi mara moja tu. Ilikuwa Septemba ya mwaka huu, shule zinakaribia kufunguliwa.

"Nimekuja kumunyoa mutoto," alisema, maana ndiye aliyewanyoa watoto wake siku zote.

Akamnyoa Kabibi kwa upole, bila kumkwaruza popote. Akazikusanya nywele ndani ya kipande cha gazeti. Akaondoka nazo, akisema atazitupa njiani.

Jovita hakulitia maanani. Nani angelitia?

*

Walipofika ukumbini, wasichana wengine walikuwa wamejaa mlangoni wakisukumana. Elda aliwaona kwa mbali. Akaja akamshika Jovita mikono yote miwili.

"Amahoro, Mama Joanita."

Mji mzima ulikuwa umeshaanza kumwita Mama Kabibi, kwa kumwonea huruma. Elda peke yake ndiye aliyelishikilia jina la kwanza. Jovita alimpenda kwa hilo, na alimwogopa kwa hilo.

"Amahoro, Madamu. Nimemuleta."

"Sikufikiri utakuja."

"Anacheza peke yake jikoni, kila siku. Nimesema huzuni isinilie watoto wawili."

Elda akamwachia mikono. Kisha akasema, "Nisaidie leo. Uwavalishe huku nyuma. Courant iko imekatika, taa hakuna, na mimi nina mikono miwili tu."

Chumba cha nyuma kilikuwa stoo ya parokia. Viti vilivyopandanishwa, ngoma za kwaya, mazulia ya ndoa yaliyokunjwa. Taa moja ya sola ilining'inia kwenye msumari. Na mlango ule ulikuwa pale. Mlango wa mbao wa kutokea ziwani, umefungwa kwa komeo. Jovita aliketi kwenye kigoda, akaupa mgongo ili asiuone. Lakini maji aliyasikia. Yalikuwa yanalamba ukuta, yanarudi, yanalamba tena.

Mkononi alikuwa na kopo la Elda: kichana, pini, mkasi, na utepe mweupe. Kwa kuwa wasichana hawakuwa na nywele za kufunga, kila mmoja alikatiwa utepe wa kuzungusha kichwani. Wakaja mmoja mmoja, wakaketi chini katikati ya magoti yake, wakimpa kisogo. Soksi. Viatu. Utepe. Haya, nenda. Vichwa vidogo vya moto, vyenye harufu ya sabuni na jua. Mikono ya Jovita ikalegea kidogo. Ilikuwa muda mrefu haijashika vichwa vingi namna hiyo.

Kabibi alikuwa wa mwisho. Jovita akamfunga utepe, akaulaza vizuri nyuma ya masikio, akakawia.

"Mama, inatosha."

"Nenda, mama. Nenda ucheze vizuri."

Kabibi akakimbia. Ukumbini piano ikaanza kulia kwenye simu ya Elda, na sauti yake ikasikika kupitia ukutani, tulivu, ya kuhesabu pumzi. "Kunja... nyoosha. Kunja... nyoosha."

Jovita akainama kuokota magauni yaliyotupwa huku na huku.

Ndipo harufu ikamjia.

Haikuwa ya samaki. Jovita alikuwa amewazoea samaki kama jasho lake mwenyewe. Hii ilitoka chini zaidi... tope la mahali ambapo jua halijawahi kufika, na ndani yake utamu kidogo, kama majani yaliyolala majini muda mrefu.

Tone.

Tone.

Akaangalia paa. Hapakuwa na mvua.

Alipoteremsha macho, mtoto mwingine alikuwa ameshaketi katikati ya magoti yake.

Hakumsikia akija. Hata hivyo moyo wake haukushtuka mara moja, kwa kuwa jioni nzima watoto walikuwa wakija na kuketi vivyo hivyo. Akafikiri ni mchelewaji. Akanyoosha mkono mmoja kutafuta utepe, mwingine ukatua kichwani pa mtoto.

Ukakutana na nywele.

Nywele nyingi. Nzito. Zimelowa.

Katika darasa lile hapakuwa na msichana mwenye nywele.

"Wewe ni wa nani?" Jovita alinong'ona.

Mtoto alinyoosha tu shingo, kama afanyavyo anayengoja kuchanwa. Ilikuwa shingo ndefu. Baridi yake ilimpanda Jovita mpaka kwenye viwiko. Kidole chake kikateleza chenyewe nyuma ya sikio la kushoto, hakuna aliyekituma, kikatafuta kovu dogo la umbo la haragwe, pale tone la mawese ya moto lilipomrukia binti yake alipokuwa bado anatambaa.

Kovu lilikuwepo.

"Mana yanje... Mungu wangu..."

"Usinigeuze, Mama."

Sauti ilikuwa ile ile. Lakini ilisikika kama inapita ndani ya maji kabla ya kumfikia.

"Joanita."

"Usiniangalie usoni. Nifunge tu."

Jovita alitaka kupiga kelele. Kelele haikutoka. Kilichotoka ni machozi, yakamdondokea mtoto utosini, yakapotea kwenye maji mengine. Halafu mikono yake ikafanya kile ambacho mikono ya mama hufanya hata akili ikiwa imekimbia. Ikashika kichana.

Akaanza mbele, kwenye paji. Akavuta nyuma. Punje za mchanga zikaanguka, na kakonokono kadogo, na uzi wa wavu. Nywele zilikuwa zimeota, ndiyo. Zilikuwa na mwaka mzima na zaidi. Nani angemnyoa huko aliko? Alichana, akilia bila sauti, na ndani ya hofu yake mlikuwa na kitu ambacho baadaye aliona haya kukisema mbele ya padri. Mlikuwa na raha. Alikuwa amemshika mtoto wake.

"Unaumia?" akauliza.

"Hapana."

"Unakula?"

Uzi mwingine wa wavu ukaanguka.

Jovita akashusha kichana kufuata urefu wa nywele, atafute mwisho wake, azikunje. Akashusha. Akashusha tena. Nywele hazikuwa na mwisho. Zilipita katikati ya magoti yake, zikalala sakafuni, zikapita chini ya kigoda. Akageuza uso taratibu, akafuata kwa macho ule mkia mweusi unaong'aa kwenye mwanga wa sola.

Ulikwenda mpaka mlango wa nyuma. Ulipita chini ya mlango. Ulikuwa umekazwa kama mshipi wenye samaki.

Na ulikuwa unatikisika kidogo kidogo.

"Joanita... nani ameshika huko?"

"Sijui majina yao. Wanatushika kwa nywele, Mama. Nikitaka kuja, wananivuta."

"Na leo?"

"Leo wamenilegezea. Wamenituma."

"Wamekutuma nini?"

Ukumbini Elda alikuwa akisema, "Juu ya vidole. Polepole. Mikono laini."

"Nimulete Kabibi."

Jovita alihisi ngozi ya kichwa chake mwenyewe ikinywea.

"Kabibi ana nini na wao?"

"Nywele zake zimeshafika."

Gazeti. Wembe. Atazitupa njiani. Vyote vilimjia kwa mara moja, wala hakuhitaji kuambiwa zaidi. Lakini mtu huuliza hata anapojua, akitumaini ataambiwa kingine.

"Nani aliyezileta? Ni Baba?"

Maji yalidondoka.

"Anayezileta analia," mtoto alisema mwishowe. "Analia sana. Lakini anazileta."

Jovita akafumba macho. Akaendelea kuchana.

"Ukimaliza kunifunga," Joanita akanong'ona, "inabidi nimushike mukono, tuende. Ndivyo walivyosema. Nikishakuwa tayari."

"Basi sitamaliza."

"Mama..."

"Sitamaliza. Tutakaa hapa."

Na kwa kitambo hakumaliza. Alizungusha kifundo, akakifumua. Akakizungusha, akakifumua. Nyuma yao mkia wa nywele ulianza kuvuta kwa kero. Kila ulipovuta, kichwa cha mtoto kilirudi nyuma kikagonga goti la mama yake, naye hakulalamika. Alikuwa amezoea. Hilo ndilo lililomkata Jovita kuliko yote. Mtoto wake alikuwa amezoea.

Nje, maji yaliacha kulamba ukuta. Yalikuwa yanagonga.

Piano ikanyamaza.

Makofi. Sauti za watoto. Miguu midogo ikakimbia kwenye sementi, mmoja mbele ya wengine wote, na Jovita aliitambua ile miguu.

"Mama! Nimesimama juu ya vidole! Madamu amesema..."

Kabibi alisimama mlangoni. Utepe ulikuwa umemwangukia jicho moja. Akamtazama aliyeketi kwa mama yake, yeye aliyekuwa mbele ya ule uso ambao Jovita alikatazwa kuuona. Hakuogopa. Uso wake ukafunguka taratibu, kama wa mtu aliyemwona ndugu kwenye kituo cha basi.

Joanita akanyanyua mkono.

Kabibi akaja. Akatoa wake.

"Kabibi, usi..." Ulimi wa Jovita ulikuwa mzito kama jiwe la chini ya maji. Mikono miwili midogo ilikuwa imeshashikana.

"Mama," Joanita alinong'ona haraka, na sasa ndani ya sauti yake mlikuwa na kilio. "Mukasi."

"Nikikata utakwenda wapi?"

"Sijui. Si huko."

"Utarudi kwangu?"

Mtoto hakusema ndiyo. Hakujua kusema uwongo hata alipokuwa hai.

Mlango ukapigwa. Komeo likaruka. Nywele zikavutwa kwa nguvu, na watoto wote wawili wakayumba kurudi nyuma, pamoja.

Jovita akakusanya nywele zile zote kwa mkono mmoja. Akazungusha kifundo, cha duara, juu kidogo ya kisogo, pale pale Elda alipokifunga chake. Pini. Pini. Pini nyingine. Hakuwahi kufanya kitu kwa haraka hivyo wala kwa uzuri hivyo. Halafu akaushika mkia uliobaki, chini ya kifundo, akaingiza mkasi.

Ulikata kama unakata nyama.

Mkia ulianguka. Ukalala sakafuni kitambo, kama unashangaa. Kisha ukakimbia chini ya kigoda, chini ya mlango, nje... na kutoka ziwani kukasikika sauti ambayo Jovita hajapata maneno ya kuieleza. Ilikuwa kama watu wengi wanaovuta pumzi kwa pamoja.

Joanita akaachia mkono wa mdogo wake. Akajigusa nyuma ya kichwa. Akakipapasa kifundo, taratibu, kote kuzunguka.

"Niko vizuri, Mama?"

Akaanza kugeuka ili atazamwe.

Jovita akafumba macho. Akanyoosha mikono, akaupata uso, akaushika baridi yake yote katikati ya viganja. Hakufungua macho. Mpaka leo hajui kama alifanya vema.

"Uko muzuri," akasema. "Uko muzuri kuliko wote."

Viganja vyake vikabaki vitupu.

*

Elda aliingia na taa ya simu yake. Aliwakuta wamekumbatiana sakafuni, mama na mtoto, magauni yote yamelowa. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Nje ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta kwenye sufuria.

"Maji yameingia?" aliuliza.

"Yameingia," Jovita akasema.

Elda akaangalia sakafu. Akaangalia kopo lake, ambalo halikuwa na pini hata moja. Akaangalia mikono ya Jovita, yenye mistari myekundu kama ya mtu aliyevuta kamba. Alifunga mlango, akausogezea ngoma za kwaya, kisha akaketi nao chini, kwenye maji yale, akashika mkono wa Kabibi akauweka kwapani mwake kuupasha joto.

"Alisema nini?" Elda akanong'ona baada ya muda.

Kabibi ndiye aliyejibu. "Amesema nisikunje magoti yangu ndani. Nikunje nje."

Elda akageuza uso ukutani, mabega yakamtikisika.

Asubuhi Jovita akamwacha Kabibi kwa Elda. "Asitoke nje. Asikaribie maji, hata ya ndoo." Akapanda gari la kwenda Nyanza-Lac, na kutoka hapo akapanda pikipiki mpaka Kabonga. Njiani hakupanga maneno. Matunda yaliiva kwenye michikichi, watu walitoka kanisani, ziwa lilikimbia pembeni yake njia nzima, la buluu, zuri, kana kwamba halijui lolote.

Alimkuta Lameki mwisho wa ufukwe, mbali na wavuvi wengine. Ndagala walikuwa wameanikwa kila mahali, fedha tupu juu ya mchanga. Yeye alikuwa ameketi katikati yao kama mlinzi wa shamba la mtu mwingine. Amekonda. Jua lilikuwa kali, lakini alivaa jaketi zito lenye manyoya ndani, na chini yake sweta.

Alimwona mkewe, hakunyanyuka.

"Nimekuja kuuliza neno moja," Jovita alisema. "Nywele za Kabibi ulizitupa wapi?"

Lameki akaangalia miguu yake.

"Njiani."

"Njia gani?"

Taya lilikuwa linamcheza. Jovita alisimama juu yake, akangoja. Alikuwa amekuja na hasira ya kutosha kumwua mtu kwa mawe. Lakini sasa, akiutazama upara wa mume wake, mifupa ya mabega ikitokeza kwenye jaketi, aliitafuta ile hasira asiione. Aliona tu mtu aliyeketi, ambaye zamani, kambini Tanzania walikokuwa wakimbizi, aligawana naye sahani moja ya mahindi, akimsukumia yeye upande wenye mengi.

"Mutoto yuko salama," akasema. "Kabibi. Hajaenda."

Lameki akatoa pumzi iliyomkunja mpaka paji likagusa magoti. Jovita hakujua kama ilikuwa ya shukrani au ya hofu. Mbali kidogo wavuvi walikuwa wakishona nyavu na kutaniana. Jovita hakuwa amemwambia chochote juu ya chumba cha nyuma. Hakutaja kichana, wala mlango, wala aliyeketi katikati ya magoti yake. Wala kwa simu hakuwa amemwambia mtu.

Lameki akanyanyua uso. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliyoapa, alimtazama machoni.

"Alikuwa na baridi?" aliuliza.

Upepo ulipita ukawatikisa ndagala, wakalia kama majani makavu.

Jovita angeweza kusema hapana. Alilifikiria neno hilo, aliligeuza mdomoni. Lingemgharimu nini?

"Ndiyo," akasema. "Alikuwa na baridi sana."

Lameki akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu aliyeelezwa njia na sasa ameielewa. Akasimama. Akavua jaketi lake, akalikung'uta mchanga, akalilaza mkononi kwa uangalifu, upande wa manyoya ukitazama juu. Kisha akatembea kuelekea majini. Maji yakamfika magotini, akaendelea. Yakamfika kiunoni. Akalifungua jaketi, akalishika kwa mikono miwili mbele yake, juu ya maji, wazi, kama unavyomshikia mtoto aliyetoka kuoga.

Wavuvi ndio waliopiga kelele. Ndio waliotupa nyavu na kukimbia.

Jovita alisimama pale pale katikati ya samaki, mikono kifuani. Hakumwita.